Kwa Malipo au Bila Malipo

"Ombi limekataliwa," alisema mwanamume wa dirishani, na kabla mwanamke aliyesimama mbele yake hajameza hata mate, akaongeza, "Anayefuata!"

Anayefuata akasogea kweli. Watu wa foleni hawana aibu. Ukilegea kidogo tu unajikuta uko nyuma yao. Mwanamke akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili na kukaza miguu.

"Samahani, bwana. Limekataliwa kwa nini?"

"Sababu ziko kwenye faili."

"Faili liko mbele yako. Nisomee basi."

Ofisa akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayeonewa. Alikuwa mwanamume mnene wa makamo. Mwanamke huyo na mumewe walikuwa wameshambandika jina la Bwana Muhuri, maana muhuri haukumtoka mkononi hata alipokuwa akijikuna. Miwani yake ilikuwa imelegea mkono wa kushoto. Kila akiinama iliteleza mpaka kwenye ncha ya pua, akaisukuma juu kwa kidole, ikateleza tena. Mwanamke alikuwa ameitazama miwani hiyo tangu siku ya kwanza alipofika hapo, na vidole vilimwasha. Skrubu moja tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Huko alikotoka watu wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi, kwa sababu miwani ya mtaa mzima ilipita mikononi mwake.

"'Mwenye kibali,'" alisoma Bwana Muhuri, "yaani mumeo, 'ametamka mwenyewe kwamba mtegemezi wake hapungukiwi na kitu chochote na hana haja ya kufanya kazi.'" Akafunga faili. "Sasa tukupe ruhusa ya kazi usiyo na haja nayo, ili iweje?"

Nyuma ya Fundi mama mmoja akaangua kicheko. "Una bahati, mwenzangu! Wengine tunawatafuta wanaume wa hivyo kwa tochi!"

Foleni nzima ikacheka. Fundi akahisi masikio yanawaka moto. Akaikumbuka siku ya mahojiano. Waliingia pamoja, wakaambiwa mwenye kibali aketi na mtegemezi asubiri nje. Akasubiri nje, kwenye benchi, amepakata vyeti vyake ndani ya bahasha mpya. Mlango ulipofunguliwa mumewe alitoka anatabasamu, akasema mambo yamekwenda vizuri sana. Vyeti havikuulizwa na mtu.

"Bwana, nisikilize kidogo," alisema. "Mimi ni fundi miwani. Ninaifanya kazi hii tangu nikiwa msichana. Hapa mjini kuna duka linanisubiri, na mwenye duka amesema akiiona ruhusa kabla ya Jumatatu naanza, asipoiona anachukua mtu mwingine. Mimi si mtu wa kubahatisha. Hata juzi mtoto wa jirani yangu kavunja miwani, nikamrekebishia ikawa kama..."

Muhuri ukasimama hewani.

"Ulimrekebishia?"

"Bure, bwana. Mtoto wa jirani."

Bwana Muhuri akaelekeza kidole kwenye tangazo lililobandikwa ukutani. "Soma pale. Mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi, kwa malipo au bila malipo. Umenisikia? Kwa malipo au bila malipo! Nikisikia tena umegusa miwani ya mtu, utapanda ndege urudi kwenu, na huyo mumeo abaki kujipikia. Leo nimejifanya kiziwi."

"Nifanye nini sasa?"

"Mwenye kibali aje mwenyewe abadilishe maelezo yake. Ijumaa. Yeye, si wewe." Akaisukuma miwani juu, ikateleza. "Anayefuata!"

*

Walikaa chumba na sebule, juu ya duka la kufulia nguo. Mashine za chini zilipoanza kuzunguka, sakafu ilitetemeka na vikombe vikagongana kabatini. Mumewe alikuwa mpimaji ardhi. Kampuni ya barabara ilikuwa imemwajiri na kumleta yeye na mkewe. Alirudi jioni na matope mpaka magotini, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akaanza kuvua buti.

"Vipi, wamekupa?" aliuliza kwa furaha.

"Wamenipa maneno yako."

"Maneno gani?"

"'Hapungukiwi na kitu. Hana haja ya kufanya kazi.' Nimesomewa mbele ya foleni nzima, mume wangu. Wamenicheka mpaka wamechoka."

Mpimaji akabaki na buti moja mguuni na jingine mkononi.

"Aliniuliza kama naweza kukutunza," alisema taratibu.

"Ukasema?"

"Nikasema naweza. Kwani ulitaka niseme siwezi?"

"Na hiyo ya 'hana haja' ilitoka wapi?"

"Ilitoka tu."

Haikutoka tu. Ilitoka mbali. Siku alipokwenda kumposa Fundi, mjomba wa binti, bwana wa maswali mafupi, alimkazia macho akamuuliza, "Utaweza kumtunza binti yetu?" Naye, jasho likimchuruzika ndani ya suti ya kuazima, akajibu, "Hatapungukiwa na kitu, mjomba. Hatakuwa na haja ya kuhangaika." Wakubwa wakatikisa vichwa, mambo yakaisha vizuri. Sasa huku ugenini, mwanamume mnene mwenye sauti nzito kamuuliza swali lile lile, na mgongo wa Mpimaji ukanyooka wenyewe. Alimjibu ofisa wa vibali kama anavyojibiwa mjomba wa mke! Akatoka pale kifua mbele, akidhani amepasi.

Fundi alimfahamu mumewe vizuri. Hakuhitaji kuelezwa.

"Yule si mjomba wangu!" alisema, na sauti ikampanda. "Hukwenda kuposa pale! Ulikwenda kuniombea ruhusa ya kazi!"

"Najua."

"Ungejua ungesema hivyo?"

"Wewe hukuwepo. Umekaa mbele ya mwanamume mwenzako, amevaa tai, anakuuliza kama unaweza kumlisha mkeo, halafu useme mke wangu ana shida ya kazi? Ataniona mwanamume wa namna gani? Nilikuwa nakusitiri!"

"Ulikuwa unajisitiri wewe. Umeuza kazi yangu ukanunua heshima yako."

Hilo lilimchoma. Mpimaji akalitupa buti sakafuni. "Unapungukiwa na nini humu ndani? Hebu niambie. Siku gani umelala na njaa? Kodi nalipa, umeme nalipa, kila kitu kipo!"

"Jana asubuhi nilikuomba hela ya nini?"

Mpimaji akainama kuvua buti lililobaki.

"Sema."

"Ya pedi," alisema Mpimaji, akiangalia pembeni.

"Ukanijibu nini?"

"Fundi, yaache hayo."

"Ulinijibu, 'Kwani zile za juzi zimekwisha?' Mimi! Mwanamke mzima, niliyekuwa nanunua mpaka soksi zako kabla hatujaja huku! Nikitaka kumpigia mama, nikuombe vocha. Nikitaka kunywa soda, nijieleze. Ukiniachia hela ya sokoni, nikirudi unauliza chenji kwa upole, na huo upole wako ndio unaoniua kabisa. Hapungukiwi na kitu! Mimi ningekuwa na hela yangu mwenyewe, ningekuwa mkali kwako hivi?"

"Pengine ungekuwa mkali zaidi," alisema Mpimaji, na siku nyingine wangecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mashine za chini zikaanza kukamua, vikombe vikalia kabatini, wote wawili wakangoja zimalize.

"Ijumaa utakwenda," alisema Fundi. "Utamwambia nina haja."

Mpimaji akaupangusa uso kwa kiganja. Aliyekuwa amekasirika sasa akaonekana amechoka. "Nimelifikiria hilo tangu ulipoanza kuongea. Unajua sharti la kukuleta huku lilikuwa nini? Niwe na uwezo wa kukutunza. Nikisema huwezi kukaa bila kazi, atasema kumbe simudu. Na akisema simudu, hakupi ruhusa ya kazi. Anakurudisha nyumbani."

Fundi akaliokota lile buti, akaliegemeza mlangoni. Hakuwa ameliona hilo. Ukisema unaweza, mke hapewi kazi. Ukisema huwezi, anafukuzwa. Aliyebuni utaratibu huo, alijisemea, hajawahi kuwa mke wa mtu.

*

Asubuhi mjomba alipiga simu, kana kwamba amenusa.

"Mkwe wetu hajambo?" aliuliza. "Mwambie namheshimu sana. Yule ni mwanamume wa maneno yake."

"Anayo maneno, mjomba," alisema Fundi. "Tele."

"Na wewe tulia ule matunda ya nchi za watu. Unakimbilia kazi ya nini, na mumeo anakutunza?"

Fundi alimwambia sufuria inaungua, akakata simu. Hakukuwa na sufuria jikoni. Akavaa viatu, akatoka kwenda dukani.

Alikwenda huko siku nyingi, kwa kisingizio cha kusalimia. Duka lilikuwa mkabala na benki, jembamba, fremu zimepangwa ukutani kutoka chini hadi juu, na nyuma ya kaunta kulikuwa na meza ya kazi yenye taa ya shingo ndefu. Mwenye duka, mama mfupi aliyejulikana kwa jina la Bi Lenzi, alikuwa mwuzaji hodari, anaweza kumuuzia miwani mtu aliyeingia kuuliza njia. Ila ufundi haukuwa wake. Fundi wake wa zamani alikuwa amestaafu, na kazi zilikuwa zimelundikana kwenye trei mpaka zinadondoka.

"Vipi, umeleta?" aliuliza Bi Lenzi kabla ya salamu.

"Bado. Mpaka Ijumaa."

"Mwanangu, mimi nakupenda, lakini wateja wangu hawaoni. Kuna mtu mwingine amekuja jana, karatasi zake zote anazo. Mikono yake mizito, lakini karatasi anazo. Jumatatu nikifungua duka, lazima mtu awe amekaa kwenye kile kiti."

"Nitakuwa mimi."

"Inshallah. Kaa basi, upumzike."

Fundi akakaa kwenye benchi la wateja. Bi Lenzi akaenda kwenye meza ya kazi, akawasha mashine ya kupasha moto, akaishika fremu ya plastiki ya mteja karibu mno na hewa ya moto. Fundi aliona plastiki inaanza kung'aa. Akajizuia. Ikazidi kung'aa, ikaanza kulegea.

"Bi Lenzi, iondoe! Utaiyeyusha!"

Akawa ameshainuka, mkono umeshavuka kaunta.

"Usiguse!" Bi Lenzi alimfokea mpaka mteja mmoja akageuka. Kisha akashusha sauti, akaona haya. "Usiguse, mwanangu. Wakaguzi walipita juzi. Kuna dada mmoja alikuwa anamsuka mwenzake nywele sebuleni kwake, tena rafiki yake, walimchukua na kitana mkononi. Mimi duka nitafungiwa."

Fundi akarudi kwenye benchi. Akakutanisha mikono juu ya magoti, akavifungia vidole ndani kwa ndani. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa duka. Ndani ya mkoba wake, ndani ya kitambaa, kulikuwa na bisibisi yake ndogo, ya mpini wa shaba uliochakaa kwa kushikwa. Alitembea nayo kila siku kama wengine wanavyotembea na kitambulisho. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na mwenye kuijua hasira ya mtu anayeijua kazi na kuzuiwa kuishika atamwelewa.

Hakujua kwamba mumewe alikuwa amesimama nje. Kampuni ilikuwa imewaruhusu mapema kwa sababu ya mvua, naye akapita kumchukua ili warudi pamoja. Alichungulia kioo akamwona mkewe amekaa pale, mikono magotini, anaitazama meza ya kazi. Mpimaji akangoja mvua imlowanishe kidogo kabla ya kusukuma mlango.

Walirudi pamoja mpaka kwenye ngazi za nyumba.

"Umekaa pale kama mgonjwa anayesubiri kuitwa," alisema Mpimaji.

"Ndivyo nilivyo."

"Sikujua ni hivyo. Nilidhani unakwenda kupiga soga."

 Fundi akapanda ngazi mbele, maji yakimdondoka kwenye upindo wa gauni.

*

Ijumaa walifika mapema, lakini foleni ilikuwa imefika mapema zaidi. Mama aliyecheka juzi alikuwepo tena, mbele yao kidogo. Alipomwona Mpimaji akamkagua kutoka juu hadi chini.

"Ndiye huyu?" alimuuliza Fundi. "Nilidhani mrefu kidogo."

Zamu yao ilipofika walikuta kiti kimoja mbele ya dirisha.

"Mwenye kibali akae," alisema Bwana Muhuri. "Mtegemezi anaweza kusimama. Haya, bwana, kuna nini?"

"Nimekuja kurekebisha maelezo yangu. Nilisema mke wangu hana haja ya kufanya kazi. Anayo."

Bwana Muhuri akaisukuma miwani juu. "Kwa hiyo umeshindwa kumtunza."

Fundi aliona shingo ya mumewe inakakamaa. Alimwona anahangaika na mgongo wake, mgongo unataka kunyooka, yeye anaukataza.

"Namtunza," alisema Mpimaji.

"Basi hana haja."

"Ana haja."

"Basi humtunzi."

"Namtunza, na ana haja. Yote mawili ni kweli."

"Hayaingii pamoja, bwana. Kuna kisanduku hiki, na kuna kisanduku hiki. Chagua kimoja nitie alama."

"Nyumbani kwangu yanaingia pamoja, tena yanalala kitanda kimoja!"

Foleni ikaangua kicheko. Mama wa juzi akapiga makofi. Bwana Muhuri hakupenda. Aliangalia pembeni, ambako kwenye dirisha la pili dada mmoja, ofisa mwenzake, alikuwa ameziba mdomo kwa karatasi.

"Nilijibu vile kwa ajili ya heshima yangu," Mpimaji aliendelea, na sauti ikamshuka mpaka Fundi akalazimika kuinama kuisikia. "Nilikosea. Haja yake si ya chakula. Wewe, bwana, ukikatazwa kuja hapa kesho, mkeo akakulisha vizuri, utakuwa sawa?"

"Mimi si mtegemezi," alisema Bwana Muhuri. Akavuta faili. "Jambo lenyewe limekuwa gumu. Nalipeleka juu."

"Juu watachukua muda gani?" aliuliza Fundi.

Ofisa akamjibu Mpimaji. "Juu ni juu."

"Jumatatu nitapoteza kazi, bwana!"

"Juu hawaijui Jumatatu yako, mama."

Ndivyo lilivyokwisha. Miezi ya kusubiri, vyeti ndani ya bahasha mpya, aibu ya mumewe mbele ya watu, vyote vinakwenda kulala kwenye trei.  Bwana Muhuri aliinama aandike neno juu ya jalada, miwani ikateleza, akaisukuma kwa hasira, kwa kidole chote, na skrubu iliyokuwa inamvumilia kwa muda mrefu ikachoka. Mkono wa kushoto wa miwani uling'oka ukaanguka juu ya kibodi. Miwani ikaning'inia kwenye sikio moja. Skrubu yenyewe, ndogo kama chembe ya sukari, ikabingirika chini ya kioo cha dirisha mpaka upande wa pili, na kidole cha Fundi kikaifunika kabla yeye mwenyewe hajajua amefanya nini. Ni mazoea tu.

"Iko wapi?" Bwana Muhuri alipapasa mezani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Mmeiona? Jamani, sioni kitu!"

"Mzee," alisema dada wa dirisha la pili, "huyo mama si ndiye fundi miwani? Imo kwenye faili lake."

Bwana Muhuri akakohoa. Akavuta tai. Kisha, kwa mazoea yake naye, akamgeukia Mpimaji.

"Bwana, mwambie mkeo anifungie hii. Dakika moja tu."

Fundi akamtazama mumewe. Aliujua mdomo ule. Aliujua unavyofunguka mbele ya mwanamume mwenye tai, unavyosema bila shaka, hana neno, ataifunga, mke wangu hana shida. Mdomo ukafunguka. Ukakaa wazi kidogo.

"Muulize mwenyewe," alisema Mpimaji.

Bwana Muhuri akapepesa macho, akautafuta uso wa Fundi mahali ulipokuwa. "Mama. Unaweza?"

Kama anaweza! Mkono wa Fundi ulikuwa umeshaingia ndani ya mkoba, umeshakigusa kitambaa, umeukuta mpini wa shaba. Angeifunga huku anaimba. Na pengine ofisa angelainika. Na pengine angeandika kwenye faili kwamba mtegemezi amekamatwa dirishani na bisibisi. Akautoa mkono mtupu.

"Siruhusiwi," alisema.

"Nini?"

"Kwa malipo au bila malipo, bwana. Ulinionya wewe mwenyewe."

"Hiki ni kitu kidogo!"

"Cha mtoto wa jirani kilikuwa kidogo zaidi." Akaisukuma skrubu chini ya kioo kwa ncha ya kidole. "Hii hapa. Usiipumulie, itaruka."

 Bwana Muhuri akajaribu kuifunga mwenyewe kwa ukucha wa kidole gumba. Ikamponyoka, akaikamata, ikamponyoka tena. Jasho likamtoka. Nyuma watu wakaanza kunung'unika. Mama wa juzi akauliza kwa sauti kama waende kuleta magodoro.

"Siwezi kuandika bila miwani," alisema Bwana Muhuri, na safari hii hakufoka.

"Na mimi siwezi kuifunga bila maandishi," alisema Fundi.

"Mzee," alisema yule dada, "hilo faili uamuzi si ni wako? Juu watalirudisha hapa hapa kwako, unajua. Saini tu, watu wamechoka."

 Bwana Muhuri alimwangalia dada, akaiangalia foleni ambayo kwake ilikuwa ukungu mtupu. Kisha akaishika miwani kwa mkono wake mmoja ambao haujang'oka, akaiweka mbele ya jicho moja, akalivuta faili na kufunua kurasa mpaka chini ya ule wa visanduku. Hapo kulikuwa na nafasi tupu ya maelezo mengine, ambayo hakuna aliyekuwa ameijaza tangu karatasi hiyo ichapwe.

"Niandike sababu gani?" alimuuliza Mpimaji.

Mpimaji akainama, akaangalia mabuti yake.

Ofisa akangoja. Halafu akaiinua ile miwani yake ya jicho moja, akaielekeza kwa Fundi, na akamwona.

"Niandike sababu gani, mama?"

Fundi alikuwa ameyapanga maneno mengi usiku na mchana, ya vyeti, ya miaka, ya haki. Yote yalimpotea.

"Andika ni fundi."

"Basi?"

"Basi."

Akaandika. Herufi zilipanda mlima, nyingine zikatoka nje ya mstari, lakini zilisomeka. Akagonga muhuri, akausogeza ukurasa wa ruhusa chini ya kioo. Mkono wa Mpimaji ulinyooka kuupokea, kama ulivyopokea karatasi zao zote tangu walipofika nchi hiyo. Ukaishia katikati, ukarudi gotini. Fundi aliichukua karatasi mwenyewe. Aliisoma kuanzia juu mpaka tarehe, kila neno, na foleni ikasubiri.

Bwana Muhuri akapitisha miwani chini ya kioo, na mkono wake uliong'oka, na skrubu juu ya kipande cha karatasi.

"Haya," alisema. "Sasa?"

Fundi akaiinua miwani kwenye mwanga. Lenzi zimekwaruzwa, vishikizo vya pua vimegeuka rangi, mkono wa kulia nao ulikuwa njiani kung'oka. Akatikisa kichwa, akavirudisha vyote chini ya kioo taratibu.

"Jumatatu," alisema. "Duka liko mkabala na benki. Uwahi, kuna foleni."

"Utanifungia bure lakini? Baada ya yote haya?"

Fundi alikunja karatasi yake, akaitia ndani ya mkoba, pamoja na bisibisi.

"Kwa malipo," alisema, akampisha anayefuata.